Go ya Mwingereza na Kwenda Kwako

Mwita, mura wangu,

Najua bado hujatahiriwa, na mura ni jina la waliokwisha kusimama mbele ya kisu bila kupepesa jicho. Lakini karatasi ni yangu na kalamu ni yangu, nitakuita ninavyotaka. Shuleni tulifundishwa kwamba barua inaanza na "dhumuni la barua hii". Mimi niliacha shule kidato cha pili, mwalimu akiwa bado kwenye salamu, hatukufika kwenye dhumuni. Kwa hiyo utalitafuta mwenyewe humu ndani. Wewe si ndiye msomi?

Naandika nikiwa kijiweni, mchana kweupe, nimekaa kwenye pikipiki na karatasi nimeitandaza juu ya tangi la mafuta. Kama mwandiko unapinda, laumu tangi. Kesho baba yako mdogo Matiko atakukabidhi kwa watu wa Bibi Nyangi, nao watakuvusha Mto Mara mpaka kwa mama yako, na wazee wamesema saa hiyo mimi nisionekane pale nyumbani. Ndiyo maana naandika. Mimi Chacha, mtu ambaye akifungua mdomo hata mbwa wa jirani wananyamaza wasikilize, nimeambiwa nisiseme.

Sasi amepita nyuma yangu sasa hivi. Unamjua Sasi, yule anayepaka pikipiki mafuta mpaka abiria anateleza.

"Chacha, unaandika nini hapo? Maombi ya kazi mgodini?"

"Namwandikia mwanangu."

"Si umpigie simu tu?"

"Hana simu."

"Mnunulie."

"Sasi, kuna abiria anakuita kule."

Hakukuwa na abiria. Aligeuka kutazama, mjinga yule, nami nikapata nafasi ya kutoa vumbi machoni. Vumbi la Nyamongo unalijua, halichagui siku.

Sitakuandikia habari za mswaki, wala kuoga, wala kufunga kamba za viatu. Bibi Nyangi ana mdomo wa kutosha kwa hayo, nimeusikia mwenyewe. Tuanze na go.

Unaikumbuka ile Jumamosi tulipokuwa tunaosha pikipiki kule kijitoni? Ulikuja na kamusi ya kuazima, haina jalada, imeliwa pembeni kama muhindi. Ukaniuliza, "Baba, unajua maana ya go?"

Nilikasirika kidogo. "Wewe, unaniuliza mimi? Mimi niliyewaendesha Wazungu? Mimi ambaye Wakenya wa Sirari wananiita kaka kwa sababu ya Kiingereza changu? Go ni kwenda. Lete swali lingine."

Hukubisha. Hiyo ndiyo tabia yako mbaya kuliko zote, hubishi, unafunua kitabu tu. Nikaona go. Ukafunua ukurasa wa pili, go. Ukafunua tena, bado go, herufi ndogo kama sisimizi wamebeba unga. Nikakwambia hawa Waingereza ni maskini kumbe, wana shati moja tu, wanalivaa kanisani, wanalivaa shambani, na wakilala wanalifanya mto.

Ukacheka mpaka ndoo ikamwagika. Halafu ukaanza kunipa somo, umesimama na brashi mkononi kama mwalimu mwenye fimbo. Kengele ya shule ikilia, go. Mtu akipatwa na kichaa, go. Ikifika zamu yako kwenye mchezo, go. Shati na suruali zikipatana rangi, na hapo pia go, nikauliza zinakwenda wapi, ukasema hazijatoka mwilini mwa mtu. Maziwa yakiharibika, go. Hapo uliniangalia kwa jicho la wizi. "Sisi tunasema yamechacha," ukasema, "ndiyo maana huoi, Baba, jina lako linawanukia." Nilikumwagia maji. Ulistahili.

Ukasema hata barabara ina-go. Hii barabara inayotoka hapa kuelekea Mugumu, iliyolala kama chatu aliyeshiba mbuzi, haijawahi kuinua hata kidole, Mwingereza anasema inakwenda. Nikakwambia hapo Mwingereza amepatia, maana na sisi tunasema hivyo hivyo. Sikuwaza siku hiyo kwamba itakwenda na wewe.

Ukanikumbusha na yule Mzungu wangu, aibu ambayo nilikusimulia mwenyewe nikidhani ni sifa. Nilimpakia pale njia panda kwenda Tarime, akaketi, akaniuliza kwa upole, hau izi it going. Nami kwa sauti ya mtu aliyesoma nikamjibu, going to Tarime. Alicheka njia nzima. Nilijua amefurahia Kiingereza changu. Ukaja wewe, miaka kadhaa baadaye, na kamusi yako isiyo na jalada, ukaniambia hakuuliza tunakwenda wapi, aliuliza mambo yangu yanaendaje. Mwita, nimelifikiria lile swali wiki hii yote. Hakuna mtu mwingine aliyewahi kuniuliza. Angekuja leo ningemwambia ukweli, na safari ingefika Tarime sijamaliza.

Sasa kuna ile ya mwisho uliyonifundisha, jua likiwa linashuka na pikipiki imeshakauka. Ulisema Mwingereza akitaka kusema atafanya jambo, anasema am going to, anakwenda kulifanya, na kumbe amekaa kwenye kiti, hakuna anayekwenda popote. Nikaanza kukusanya ndoo. Ulidhani nimechoshwa na somo. Sikuchoka. Hiyo go nilikuwa naijua kabla hujazaliwa, nilikuwa bingwa wake, bila kamusi.

Wewe umesikia habari hii vipande vipande, kimoja kwa shangazi yako Robi, kingine kwa walevi. Nipe nafasi niiseme mimi, na usikunje uso.

Mama yako Bhoke alikuwa binti wa Genkuru, anachota maji kama anacheza ngoma. Mimi nilikuwa mwanafunzi mwenye sare iliyopigwa pasi na mdomo unaokwenda wenyewe. Ukaja wewe. Ulizaliwa nyumbani kwa baba yake, na mzee yule hakunifukuza, nataka ulijue hilo. Alisema tu, "Kijana, lete ng'ombe tuzungumze." Mimi nikamwambia, "Nakwenda kuwaleta wazee wangu." Nikarudi tena, nikasema nakwenda kuwaleta. Nilisema sana. Bhoke akawa ananimalizia maneno kabla sijafika mwisho, "Unakwenda kuwaleta."

Wakati unaanza kutambaa, Robi akaolewa, na ng'ombe wake wakaingia kwenye zizi letu. Kwetu ng'ombe wa dada ni mke wa kaka, hilo hata mtoto wa kuchunga analijua. Baba yangu aliniita pale pale zizini, amesimama katikati ya ile mifugo, kofia mkononi.

"Chacha, hawa ni wako. Kesho tunawapeleka Genkuru."

Sasa mimi nilikuwa nimeanza kushuka shimoni kule Nyangoto na wachimbaji wenzangu. Tulikuwa tumeona mawe yanametameta, kila mtu kijiji kizima anatuita matajiri. Nikawaangalia wale ng'ombe. Mmoja alikuwa na pembe iliyovunjika. Nikamwambia baba yangu, mbele ya watu, nataka wanisikie, "Hawa mpe Matiko aoe. Mimi nakwenda kutoa ng'ombe wangu mwenyewe, na watakapopita barabarani mtafunga milango kwa vumbi."

Watu walinipigia makofi, mura. Makofi kabisa. Hilo ndilo ninalotaka ulijue kuhusu ujinga. Hauji na pembe wala mkia, unakuja na makofi.

Baba yangu alivaa kofia yake. Matiko akaoa. Shimo likajaa maji. Mawe yaliyokuwa yanametameta yalikuwa yanametameta tu. Nami nikaendelea kwenda Genkuru kusema nakwenda, mpaka siku moja nikakuta uani kwa Bhoke kuna ng'ombe wengi wageni, wanene, wana matope ya Mto Mara miguuni.

Walikuwa wa Bibi Nyangi. Mjane wa upande wa Serengeti, mwenye mji mkubwa na mashamba, hakujaliwa mtoto wa kiume. Akamwoa mama yako kwa ile ndoa yetu ya nyumba ntobhu, mwanamke kuoa mwanamke, ili watoto wa Bhoke wawe watoto wa mji wake. Na ng'ombe wakishatoka, wanamchukua mama na kila kilichokwisha kutoka tumboni mwake bila kulipiwa. Yaani wewe. Ulikuwa huna ng'ombe, kwa hiyo ulikuwa huna baba. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale mlangoni na nilikuwa sipo.

Ungeondoka siku ile mgongoni mwa mama yako. Kilichokubakiza ni surua. Ulikuwa umewaka moto, macho yamevimba, na mtoto mwenye surua havushwi mto. Mama yangu akaja Genkuru kwa miguu, akakufunga mgongoni mwake, akawaambia wale watu wa Serengeti, "Akipona njooni." Ukapona. Walipokuja akawaambia bado anakohoa. Umekohoa miaka mingi sana, Mwita, hata ulipokuwa unacheza mpira umekohoa. Bibi Nyangi alilijua hilo. Lakini alituma neno ambalo sijalisahau, alisema hamnyang'anyi mwanamke mwenzake mtoto aliyeko mgongoni.

Mama yangu tumemzika. Mgongo haupo tena. Wakaja.

Siku ya kikao ulikuwepo, umekaa kwa Matiko mlangoni, lakini hukuona uso wangu na mimi sikuuona wako, kwa hiyo nakusimulia nilichokiona. Wazee walikaa kwenye vigoda kando ya zizi. Niliwaamkia wote shikamoo, mmoja mmoja, kwa heshima, hata yule aliyewahi kunipiga kwa kuiba miwa. Mzee Marwa, ndiye mkubwa wa ukoo sasa, akauliza swali moja tu.

"Chacha, ng'ombe wako waliokwenda Genkuru ni wa rangi gani?"

Nikasema, "Mzee, mimi ndiye niliyemlea. Mimi na mama."

"Sikuuliza nani alimlisha. Kuku pia analishwa. Nauliza rangi ya ng'ombe."

Nikajaribu utani, unajua mimi, nikibanwa nachekesha. Nikasema ng'ombe wangu walikuwa wa rangi ya dhahabu ndiyo maana hawakuonekana. Hakuna aliyecheka. Hata Matiko aliangalia chini. Nikasema basi nina pikipiki, ni nzima, ni yangu, naitoa leo hii, ichukueni na funguo hizi hapa.

Mzee Marwa akaitazama pikipiki pale ilipoegemea, akaitazama kwa muda, kama anayepima kiwele. Akauliza, "Hii inazaa?"

Hapo ndipo wakacheka. Walicheka mpaka yule mzee wa miwa akashika mbavu. Na mimi nikacheka, Mwita. Nilisikia sauti yangu inacheka. Ilikuwa utani mzuri, ungekuwa wa mtu mwingine ningeusimulia kijiweni mwezi mzima.

Halafu mjumbe wa Bibi Nyangi, yule mzee mpole mwenye koti refu, akasema wao hawabebi mtoto kama gunia, mtoto mkubwa aulizwe. Nilifurahi. Wallahi nilifurahi, nikaona Mungu ameingia kikaoni. Wakakuita. Ukasimama katikati, mikono nyuma kama uko paredi ya shule. Mzee Marwa akakuuliza unasemaje.

Ukasema, "Nitakwenda."

Hukusema kwa hasira. Hukuniangalia. Ulisema kama mtu aliyeulizwa jina.

Tulipotoka nikakwambia, "Haya nenda, bei ya unga imepanda mno hapa." Utani ule ulikuwa mbovu. Niliuona unaanguka chini, sikuweza kuuokota. Wewe ukasema, "Sawa, Baba," ukaenda kufunga mbuzi.

Usidhani nilikaa tu. Kesho yake nilikwenda kwa ofisa wa ustawi wa jamii, binti mdogo kwangu, ana miwani na ofisi yenye feni isiyozunguka. Alinisikiliza vizuri kuliko wazee. Akasema mambo ya ng'ombe sheria haiyatazami, naweza kufungua shauri, na mtoto wa umri wako ataulizwa anataka kuishi na nani.

"Ataulizwa yeye mwenyewe?"

"Yeye mwenyewe. Kwani atasemaje?"

Nikamshukuru nikatoka. Wazee ningepigana nao. Ng'ombe ningetafuta, hata kwa kuzeeka. Sheria ningeipanda kama mlima. Lakini pale juu kabisa ningekukuta wewe umesimama, mikono nyuma, unasema nitakwenda.

Na ninakujua. Najua unavyosimama karibu na shangazi yako anapowasuka wanawe. Najua ile picha ya mama yako iliyo ndani ya kitabu cha hesabu, ambayo unadhani siijui. Wewe hukunikataa mimi. Unamtaka yeye. Nimejaribu kukasirika kwa hilo siku kadhaa na hasira haiwaki, napiga kiki mpaka mguu unauma.

Nilimpigia mama yako. Ndiyo, mimi. Niliazima simu ya mtu ili asijue namba ni yangu.

"Bhoke, unamtaka kweli, au ni bibi ndiye anamtaka?"

Akasema, "Chacha, kila mtu alijua kumuuliza mama yako kama mtoto amepona. Mimi nani aliniuliza? Niliambiwa nitangulie, mtoto atafuata, nikatangulia. Nimeangalia lile daraja la Mto Mara miaka yote."

Nikahamishia simu sikio la pili.

Akasema, "Leo umeishiwa maneno? Kumbe yanaisha?"

Sauti yake ni ile ile. Hilo sikulitegemea.

Kwa hiyo sikiliza mambo machache, si amri, ni ya mtu aliyeanguka shimo fulani anayekuonyesha lilipo.

Bibi Nyangi ni mwenye mji. Msalimie shikamoo kabla hujamwona vizuri, na usimcheke mtu akikwambia kwa mila yeye ndiye mume pale. Amenitendea haki kuliko nilivyojitendea. Kuna mwanaume anafika pale kwa mama yako, wadogo zako wanafanana naye. Mwamkie, mpishe kiti, usimpime urefu. Usinilinganishe naye hata kama nitashinda, na nitashinda.

Una wadogo watatu, wote wasichana, utawaona kwa mara ya kwanza. Watakutazama kama mgeni aliyekuja kula mayai. Wachekeshe, hilo umelirithi, nimekuona ukifanya. Siku moja ng'ombe wao wataingia zizini na mtu atakwambia hawa ni wako. Usitafute makofi siku hiyo. Lakini pia, mura, asije mmoja wao akaharakishwa kuolewa kwa sababu wewe umechoka kungoja. Robi aliharakishwa kwa ajili yangu. Alikuwa anapenda shule kama wewe. Ng'ombe niliowadharau mbele ya watu walikuwa ni yeye, na mpaka leo ananipikia nikienda kwake, hajawahi kusema neno, na ninyi wote mnadhani chakula chake nakimaliza kwa ulafi.

Kule tembo wanatoka hifadhini wanakula mahindi. Watu wanawafukuza kwa kupiga debe. Wewe usijifanye shujaa. Kaa nyuma, piga debe, piga kelele, hiyo ni kazi yenye heshima, baba yako ameifanya maisha yake yote bila tembo.

Ukikosea, rudi ukaseme umekosea siku hiyo hiyo, jambo likiwa bado changa. Mimi nilikuwa nangoja nipate kwanza kitu cha kushika mkononi, nisiende mikono mitupu. Mikono mitupu si mibaya kama nilivyodhani. Yule mzee wa Genkuru, nimeambiwa siku hizi, angenipokea hata na mmoja mwenye pembe iliyovunjika.

Wamenikataza kukanyaga kule mpaka utakapotahiriwa, nisije nikaugawanya moyo wako, wanasema. Nawaelewa. Sipendi, ila nawaelewa. Jana nilipata abiria wa kwenda ng'ambo. Nilimpeleka mpaka darajani, nikamwambia shuka hapa, pikipiki ina hitilafu. Akaniangalia, akaiangalia pikipiki inavyonguruma kama simba. Akashuka. Nilikaa pale, maji yanapita chini, watu wanavuka na mbuzi wao na madumu yao, mtoto mmoja anavuka anapiga mluzi, wala hajui anavuka kitu. Nilikuwa na mafuta ya kutosha. Nikageuza.

Maana yake ni kwamba msimu wenu wa tohara ukifika, sitakuwepo. Nilikuwa nimejipangia mambo, nisamehe, hata shati nilishalinunua. Nilikuwa nisimame mbele yako, nikuangalie machoni kisu kinapopita, ili usipepese. Sasa atasimama mtu mwingine wa ukoo ule. Mwangalie yeye. Usinitafute kwenye umati, ukinitafuta utageuza shingo, na ukigeuza shingo watasema uliogopa.

Na kabla ya hapo, shuleni. Nimeliacha hili la mwisho kwa sababu mkono haukutaka. Kule hutaandikishwa kwa jina langu. Wambura, mume wa Bibi Nyangi, alikufa kabla hujazaliwa na kabla mimi sijabalehe, sijui hata sura yake, ila mji ni wake na wewe sasa ni mtoto wa mji. Mwalimu atafungua daftari la mahudhurio, atasoma Mwita Wambura.

Najua utakavyofanya, kwa sababu nimekulea. Utakaa kimya. Utatazama dawati. Utamwacha mwalimu aite tena, na darasa zima litageuka, na wewe utakuwa unadhani unanilinda mimi, niliye huku kijiweni nabishana na Sasi. Usifanye hivyo. Usimwache mwalimu akuite mara mbili kwa ajili yangu. Nyanyua mkono juu na kiwiko kinyooke.

Wakikuita Mwita Wambura, itika.

Mimi Chacha,
Kijiweni, Nyamongo